Tretinoini chini ya jua la Tarime: dawa ya makunyanzi na masharti yake

Mgonjwa anayefika zahanati akiwa na uso unaowaka, uliobambuka kandokando ya mdomo na kuingia weusi mashavuni, mara nyingi huanza maelezo yake kwa kuficha jambo moja: jina la krimu aliyopaka. Huona haya, akidhani atagombezwa kwa kutumia mkorogo. Mhudumu mwenye busara hamgombezi, bali humwomba arudi na tyubu yenyewe. Pengine hakukusudia kujichubua hata kidogo. Alitaka kupunguza makunyanzi ya macho na madoa ya utu uzima, akaambiwa kwamba dawa ipo.

Na ni kweli ipo. Tretinoini, ndugu wa vitamini A, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1971 kwa ajili ya chunusi. Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambaye sifa yake ina doa kubwa la majaribio aliyowafanyia wafungwa wa gereza la Holmesburg, aliripoti pamoja na wenzake mwaka 1986 kwamba dawa hiyo huboresha ngozi iliyozeeshwa na jua. Mwaka 1988 watafiti wa Michigan waliilinganisha na krimu isiyo na dawa kwa muda wa wiki 16 na kupata matokeo yaliyoelekea upande huohuo. Mwaka 1995 ikaidhinishwa krimu ya tretinoini mahususi kwa makunyanzi madogo. Kwa hiyo hii si hadithi ya wachuuzi. Ni dawa kamili, ya cheti cha daktari, na ina masharti.

Utendaji wake unaeleweka vizuri. Mionzi ya jua huamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara. Tretinoini huingia katika kiini cha seli, hupunguza uharibifu huo, huchochea kolajeni mpya na kuharakisha kubadilishwa kwa tabaka la juu la ngozi. Ukali wake hutoka katika kazi hiyohiyo: tabaka la juu likiwa jembamba kwa muda, ngozi hukauka, huchoma na huathiriwa zaidi na jua.

Tarime ipo nyuzi moja na ushei tu kusini mwa ikweta, na nyanda zake zimeinuka juu kuliko Ziwa Victoria, ambalo lenyewe lipo takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mionzi huongezeka kwa kadiri ya asilimia 10 kila mita 1,000 za mwinuko, na ubaridi wa asubuhi wa milimani haupunguzi mionzi hiyo. Mkulima wa mahindi, dereva wa watalii kutoka Mugumu na mama muuza ndizi wa Sirari hukaa juani saa nyingi. Kumwandikia tretinoini mtu wa namna hiyo bila kuzungumzia kofia pana, kanga ya kujifunika na krimu ya kukinga jua yenye kiwango cha SPF 30 au zaidi ni kumpa nusu ya tiba.

Ngozi nyeusi ina jambo lake. Kwake uzee wa jua huonekana kwanza kama rangi isiyolingana, makunyanzi hufuata baadaye. Lakini mwasho wowote huiachia weusi unaodumu miezi. Anayepaka nyingi ili apone upesi huvuna madoa yaleyale aliyoyakimbia. Ndiyo maana huanzwa na nguvu ndogo, asilimia 0.025, usiku mbili au tatu kwa wiki. Uso huoshwa kwa sabuni laini na kuachwa ukauke kwa dakika 20 hadi 30, kisha kiasi cha punje moja ya njegere husambazwa usoni kote, mbali na macho, pembe za pua na midomo. Mafuta ya mgando au losheni isiyo na manukato hufuata. Ikichoma sana, hupumzishwa siku kadhaa. Nafuu huhesabiwa kwa miezi mitatu hadi sita, na mgonjwa aambiwe hivyo siku ya kwanza, la sivyo ataiacha wiki ya tatu au kuipaka mara mbili kwa siku.

Mjamzito asiitumie, na anayetarajia kupata mimba aiache mapema. Kinachofyonzwa kupitia ngozi ni kidogo, lakini makunyanzi si ugonjwa wa kumweka mtoto rehani. Isotretinoini ya vidonge ni hatari zaidi: huharibu maumbile ya kijusi, hivyo uzazi wa mpango wa uhakika ni lazima tangu mwezi mmoja kabla ya kuanza hadi mwezi mmoja baada ya kumaliza.

Hatari kubwa zaidi imo katika michanganyiko. Zipo krimu zinazounganisha tretinoini, haidrokwinoni na steroidi. Mikononi mwa daktari wa ngozi hutumika kwa wiki chache. Zikinunuliwa holela hutumika kwa miaka. Steroidi hukonda ngozi, huotesha vipele na kutokeza mishipa midogo; haidrokwinoni ya muda mrefu huweza kuleta weusi wa kibuluu usiofutika kirahisi. Nyingine zina zebaki, ileile inayofahamika machimboni Nyamongo kwa kukamatia dhahabu, nayo huharibu figo.

Aliyepaka mkorogo wa steroidi kwa muda mrefu asiuache leo na kuanza tretinoini kesho. Uso wake utavimba, utawaka na kujaa vipele, na atarudia mkorogo kwa kuamini kwamba ndio uliokuwa ukimtibu. Huyo hupunguziwa steroidi hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari, na tretinoini husubiri mpaka ngozi itulie, hata kama ni miezi. Ngozi isipotulia, apewe rufaa ya kumwona bingwa, na tyubu aliyotumia iende naye.