Kitabu kilekile, hukumu mbili: Funzo la riwaya ya Otranto

MTU akisema “kitabu hiki kizuri sana” au “hiki hakina maana”, sisi huchukulia kwamba amesema jambo kuhusu kitabu. Ukichunguza zaidi utagundua kwamba amesema pia jambo kuhusu matarajio aliyokuwa nayo kabla hajakifungua. Katika miaka yangu ya kufundisha fasihi sijapata mfano ulio wazi zaidi wa hali hii kuliko yaliyoipata The Castle of Otranto, riwaya fupi ya Mwingereza Horace Walpole.

Wataalamu wengi huihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya kigothi, yaani utanzu wa ngome za kale, mizuka, siri za ukoo na hofu ya usiku. Ilitoka London mkesha wa Krismasi mwaka 1764, nakala 500 tu. Jina la Walpole halikuwamo. Msomaji aliambiwa kwamba kitabu kimetafsiriwa na bwana mmoja, William Marshal, kutoka Kiitaliano cha kasisi Onuphrio Muralto. Dibaji nayo ikatia chumvi: eti chapa ya asili ilipigwa Naples mwaka 1529, kisha ikapatikana katika maktaba ya familia ya Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza.

Yote hayo yalikuwa uzushi mtupu. Hapakuwa na Marshal wala Muralto. Walpole alikuwa mbunge, mwana wa Robert Walpole aliyewahi kuwa waziri mkuu. Mtu wa tabaka hilo alikuwa na mengi ya kupoteza iwapo watu wangemcheka.

Na kisa chenyewe kilikuwa cha kuchekwa kwa urahisi. Manfred, mtawala wa Otranto, anajiandaa kumwoza mwanawe Conrad. Siku hiyohiyo ya arusi chapeo kubwa ajabu, yenye manyoya meusi, inaanguka na kumponda kijana. Kwa kuogopa kukosa mrithi, Manfred anaazimia kumtaliki mkewe Hippolita na kumwoa Isabella, yule aliyekuwa awe mkaza mwanawe. Isabella anatoroka gizani kupitia njia ya chini ya ngome. Picha inatoka kwenye fremu yake na kutembea. Sanamu inatokwa na damu puani. Mwishowe Manfred anamchoma kisu binti yake mwenyewe, Matilda, akidhani ni mtu mwingine.

Wahakiki walikipokeaje? Jarida la Monthly Review lilikitaja mapema mwaka 1765 kwa upole. Lilisema, kwa ufupi, kwamba anayeweza kuvumilia mambo ya mizuka atapata burudani ya kutosha. Lilisifu lugha na uchoraji wa wahusika. Miezi michache baadaye toleo la pili likatoka, na safari hii Walpole alikiri kwamba kazi ni yake. Jarida lilelile likabadilika kama kinyonga. Sasa likashangaa mtu msomi na mstaarabu anawezaje kufufua ushirikina wa kishenzi.

Ngome ilikuwa ileile, chapeo ileile, na Matilda alikufa vilevile. Kilichobadilika ni kile ambacho mhakiki aliamini kuhusu asili ya maneno aliyoyasoma.

Ni rahisi kumcheka mhakiki huyo, lakini hakuwa mjinga. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Mwandishi wa zama za kale husamehewa kwa kuwa aliishi miongoni mwa watu walioamini mizuka. Mwandishi wa karne ya kumi na nane, zama zilizojivunia akili na sayansi, hana udhuru huo. Kwa hivyo mhakiki alisoma kazi moja mara mbili kwa vipimo viwili: mara ya kwanza kama masalio ya historia, mara ya pili kama kauli ya mtu aliye hai. Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kwamba kipimo cha pili kilifuta yote aliyoyaona kwa kipimo cha kwanza. Kama lugha ilikuwa safi Februari, haikuchafuka Mei.

Walpole naye alifanya jambo la kuvutia kwa sisi wapenzi wa lugha. Toleo la pili alilipa jina dogo la “kisa cha kigothi”. Wakati huo neno hilo lilikuwa karibu tusi. Lilimaanisha mambo ya kikale, yasiyo na ustaarabu, kama ya makabila ya Wagothi waliolaumiwa kwa kuangusha dola la Roma. Walpole alilichukua tusi akalivaa kama kilemba, na leo ndilo jina rasmi la utanzu mzima.

Wasomaji waliofuata hawakuafikiana. Mshairi Thomas Gray, rafiki wa Walpole tangu shuleni, alimwandikia kutoka Cambridge kwamba kitabu kimewaliza baadhi yao kidogo na kuwafanya waogope kwenda kulala. Clara Reeve, aliyeandika riwaya ya kigothi kwa kuiga mfano huo, alilalamika katika dibaji yake ya mwaka 1778 kwamba maajabu yamepita kiasi hadi hofu inageuka kicheko. Yeye alitaka mzuka unaoweza kusadikika. Mwaka 1811 Walter Scott akakisifu. Miaka michache baadaye William Hazlitt akakiona kikavu, kisicho na athari yoyote.

Wanafunzi wangu huwa upande wa Reeve. Chapeo ikianguka tu, darasa zima linaangua kicheko. Mimi huwaacha wacheke, kisha nawauliza: mnacheka kwa sababu jambo hili limeandikwa vibaya, au kwa sababu mmeshaona filamu mia za kutisha zilizojifunza kwa Walpole? Hapo kimya hutanda. Njia ya giza chini ya jumba, mlango unaojifunga, msichana anayekimbia na taa inayozimika: mambo haya tunayaona makuukuu kwa kuwa yamerudiwa mno. Msomaji wa 1764 hakuwa na mzigo huo.

Mjerumani Hans Robert Jauss, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi, aliita jambo hili upeo wa matarajio. Kila kizazi huja kwenye kitabu na upeo wake, na maana huzaliwa pale kitabu na upeo huo vinapokutana. Lakini nadharia hii isitumiwe kama kichaka cha kujifichia. Kusema kwamba kila msomaji ana maoni yake si kusema kwamba maoni yote yana uzito sawa. Reeve alionyesha palipomkwaza na kwa nini. Hoja kama hiyo unaweza kuipinga au kuikubali. “Kinachosha” pekee haina pa kushikwa.

Nalisema hili kwa sababu hata kwetu swali la kwanza kuhusu kitabu kipya cha Kiswahili aghalabu huwa “nani kakiandika?” Akiwa gwiji, kasoro huitwa mtindo. Akiwa chipukizi, mtindo huitwa kasoro. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila historia ya Otranto yaonyesha kwamba hata kizuri huuzwa kwa lebo.

Sidai kwamba jina la mwandishi lisijulikane, wala kwamba wakati na mahali havina maana. Ninachoomba ni utaratibu. Msomaji aandike kwanza alichokiona kwenye kurasa: lugha, wahusika, msuko. Kisha ndipo aulize nani, lini na wapi. Jibu likimfanya abadili hukumu, na abadili, mradi aseme waziwazi ni lipi lililobadilika, na asiyafute yale mazuri aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe.