Kati ya Saa Nne na Saa Nane

Asubuhi ya Kericho humdanganya mgeni. Akifungua pazia anaona mbingu haina wingu na chai imetandazwa vilimani kama zulia lililokatwa kwa makasi. Anakunywa chai yake polepole, saa nne anarudisha ufunguo mapokezi. Huko juu, mhudumu wa vyumba amekuwa akiingoja saa nne hiyo kwa roho juu, maana ikifika saa nane mbingu hiyo hiyo huenda ikafunguka, na shuka alizolalia mgeni bado zinachuruzika maji.

Milima hii ya Kericho na Bomet iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na upande wake wa magharibi liko Ziwa Victoria. Jua la mchana likishapasha ardhi moto, hewa yenye unyevu wa ziwa hupanda milima, hupoa, na alasiri hushuka ikiwa mvua, mara nyingine mvua ya mawe. Kiangazi cha kukausha matope hakipo. Chai hupenda hivyo, na ndiyo sababu kampuni za Waingereza zilishika mashamba hapa miaka ya 1920, na mojawapo, Brooke Bond, ikafika hata kujenga Tea Hotel mjini Kericho miaka ya 1950. Anayefua shuka ndiye hakuulizwa.

Katika hausikipingi, yaani idara ya usafi wa vyumba, tunahesabu seti tatu kwa kila kitanda: moja imetandikwa, moja iko kwa dobi, moja imepumzika stoo. Hesabu hiyo inafaa mahali penye jua. Huku, siku mbili za manyunyu zikifuatana, seti ya stoo imekwisha na iliyofuliwa bado ina maji. Hoteli kubwa ina mashine ya kukaushia, na bili ya stima ya kuilipia. Nyumba ya wageni yenye vyumba 12 mjini Bomet, inayolaza wasafiri wa kutoka Narok na watu wa semina za kaunti, ina kamba nyuma ya jikoni na macho ya kuchungulia mawingu.

Hapo ndipo pasi huingia kudanganya. Shuka yenye unyevu ukiipiga pasi, uso wake hukauka na kunyooka, lakini pindo, lenye kitambaa mara mbili au tatu, hubaki na maji. Ikunje, iweke kabatini, na baada ya siku chache inanuka uvundo. Mgeni akilalamika, wengi hukimbilia kupuliza manukato chumbani. Mimi naona ni afadhali uvundo peke yake. Angalau huo unasema ukweli.

Kwa sababu ya mvua, hata mpangilio wa kazi chumbani hubadilika. Kwingine utaambiwa umalize chumba kimoja kabla ya kugusa kingine. Sisi, wageni wakiondoka tu, tunapita vyumba vyote vilivyoachwa, tunavua shuka na taulo na kuzipeleka kufuliwa, ndipo tunarudi kusafisha. Madirisha hufunguliwa hapo hapo, hewa ikiwa bado kavu. Dawa ya choo humiminwa mwanzo, ikae ifanye kazi wakati kitanda kinatandikwa. Vumbi hufutwa kutoka juu kwenda chini, na deki hupigwa kutoka kona ya mbali kurudi mlangoni. Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975, hufundisha mengi ya haya darasani. Wengi wetu tumefundishwa na dada aliyetangulia kuajiriwa.

Adui wa pili ni udongo mwekundu. Mbeba mizigo pale mlangoni ndiye ngome ya kwanza: akipangusa magurudumu ya sanduku na kumwonyesha mgeni kwa adabu pa kukung'utia viatu, ameokoa taulo mbili juu. Wekundu ule ni chuma kilichoshika kutu ndani ya udongo, na hapo Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, hushindwa. Jik huvunja rangi za mimea, ndiyo maana doa la chai kwenye pamba nyeupe hupotea, na anayeanza kazi huamini kwamba inaondoa kila kitu. Rangi ya chuma haiivunji. Tope liachwe likauke, lipigwe brashi, lifuliwe kwa sabuni. Alama ikibaki, tia maji ya limau, kisha suuza.

Nilikuwa nikimfundisha msichana mmoja, katika hoteli ambayo sitaitaja. Wiki yake ya kwanza mgeni alilala na viatu vya shambani. Nikamkuta karoni.

"Madam, nimeongeza Jik mara tatu na haitoki."

Mkononi alikuwa na chupa ya dawa ya choo yenye asidi, tayari kuimimina juu ya Jik ile ile. Nilimpokonya bila hata salamu. Jik ikikutana na asidi, hata ya limau, hutoa gesi ya klorini, na chumba cha kufulia hakina dirisha la maana. Tulipoisuuza shuka, alama ya soli ilikuwa palepale, na kitambaa kikachanika chini ya kidole gumba, kwa jinsi Jik ilivyokula nyuzi.

Mwisho wa mwezi alikatwa bei ya shuka. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa na mfanyakazi kwa kusudi. Asiyefundishwa hakukusudia. Na kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zikatimia mwezi au zaidi ahesabiwe mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Wako wanaoitwa kila asubuhi kwa mwaka mzima na bado wanaitwa vibarua.

Msichana yule sasa ndiye anayefundisha wengine. Saa saba na nusu, wingu likianza kujikunja upande wa ziwa, anatoka uani na kushika pindo la kila shuka, analigusisha shavuni. Mkono uliotoka kwenye maji baridi hauwezi kupima unyevu. Zilizokauka anazikunja begani. Zilizobaki anazihesabu, anatazama juu, anaziacha dakika kumi zaidi.