Mtoto Akishindwa Hesabu, Asaidiwe Mapema

Chukua maharage kumi. Yaweke mbele ya mtoto wako wa miaka mitano. Mwambie, "Nipe manne." Kisha nyamaza, utazame atakavyofanya.

Mtoto mmoja atachukua moja, la pili, la tatu na la nne, halafu atakupa. Mwingine atajaza kiganja na kukupa yote. Usishangae kama huyu wa pili anajua kutaja "moja, mbili, tatu" mpaka ishirini bila kukosea. Kuimba hesabu si kuhesabu. Ameshika majina ya namba kama anavyoshika maneno ya wimbo. Bado hajajua kwamba nne maana yake ni vitu vinne, si zaidi wala si pungufu.

Watu wengi humwacha mtoto huyu. Husema, "Atajua akienda shule." Wengine humwita mjinga. Lakini darasa la kwanza mwalimu ana watoto wengi, na somo haliwezi kumngoja mmoja. Asiyejua saba ni ngapi hawezi kutoa saba katika kumi na tatu. Akifika darasa la tatu atakuwa ameachwa mbali, na kumrudisha ni kazi ngumu. Leo, akiwa na miaka mitano au sita, kazi ni nyepesi.

Utauliza, hesabu yaingiaje katika ukurasa wa afya? Hesabu hufanywa na ubongo. Ubongo ni kiungo cha mwili kama moyo na ini. Hujengwa kwa chakula, huharibiwa na maradhi. Tena huanza kujengwa mtoto akiwa bado tumboni.

Chumvi na akili

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna shida yetu. Mvua imeosha udongo wa milima yetu kwa miaka mingi mno, ikayachukua madini joto na kuyapeleka mitoni hadi baharini. Kwa hiyo mahindi, viazi na mboga zetu, hata zikistawi namna gani, huwa na madini joto kidogo. Wazee wa Mbeya, Njombe, Makete na Ludewa wanakumbuka jinsi rovu lilivyokuwa jambo la kawaida. Watu walidhani ni uvimbe wa shingo tu. Kumbe hasara kubwa zaidi ilikuwa haionekani. Mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto haukui vizuri. Hasara hiyo haiponi kwa tuisheni.

Kuanzia mwaka 1986 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizokuwa na rovu nyingi, zikiwamo za Mbeya na Iringa. Wakati huo Njombe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa. Ilipata kuwa mkoa mwaka 2012. Mwaka 2009 wachunguzi walitoa taarifa kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge hivyo wakati wa mimba walisonga mbele zaidi shuleni, hasa wasichana. Wataalamu wengine waliporudia uchunguzi huo baadaye hawakuiona tofauti hiyo waziwazi. Basi tusiape kwa tarakimu zile. Lakini kwamba ubongo wa mtoto tumboni unahitaji madini joto, hilo halina ubishi.

Siku hizi dawa ni chumvi. Soma pakiti kabla ya kununua: iandikwe kwamba ina madini joto. Chumvi ya kupimwa kutoka gunia lililo wazi huwezi kuijua. Nyumbani iweke katika chombo chenye kifuniko, pakavu, mbali na jua na joto la jiko. Itie chakula kikikaribia kuiva, maana kuchemka sana hupunguza madini hayo. Wala usitie nyingi. Mwili huhitaji madini joto kidogo mno: ya maisha yote ya mtu hayazidi kijiko kimoja cha chai.

Mama mjamzito ameze pia vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Na ulanzi? Najua msimu wake ukifika ni vigumu kuukwepa, na wengine huuita kinywaji cha kawaida tu. Ulanzi ni pombe. Pombe anayokunywa mama humfikia mtoto tumboni na kuudhuru ubongo wake. Mama mjamzito auache kabisa, na mtoto mdogo asionjeshwe.

Gunia limejaa, mtoto amedumaa

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Iringa walio chini ya miaka mitano, 57 walikuwa wamedumaa. Kwa nchi nzima walikuwa 30. Na Iringa ndiyo inayouza mahindi mikoa mingine! Mtoto mdogo akipewa uji mtupu mara mbili kwa siku, mama akiwa shambani tangu alfajiri, tumbo litajaa lakini mwili na ubongo havitapata vya kujengea. Uji utiwe karanga, maziwa au unga wa maharage. Ale mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo.

Iringa inaujua mzigo huu tangu zamani. Kuanzia mwaka 1983 mpaka 1988 kulikuwa na mpango wa lishe uliosaidiwa na UNICEF na WHO. Watoto walipimwa uzito kijijini kila miezi mitatu, na wanakijiji wenyewe wakajadili matokeo. Leo iko Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Mpeleke mtoto, hata kama anacheza na haumwi.

Masikio na macho

Kabla hujasema mtoto hana akili, hakikisha anasikia na anaona. Simama nyuma yake, umwite jina kwa sauti ndogo. Asipogeuka, jaribu tena siku nyingine. Mtoto asiyesikia vizuri huchanganya sita na saba. Sikio linalotoa usaha litibiwe zahanati. Usitie mafuta wala maji ya majani. Mtoto anayeleta daftari puani, au anayesoma 8 ubaoni kuwa 3, apimwe macho. Wapo walioitwa wazito kumbe hawakuwa wanaona ubao.

Kufundisha nyumbani

Huhitaji vitabu. Kama ulijifunza hesabu ukubwani katika kisomo, wewe ndiye mwalimu mzuri zaidi, maana unakumbuka mahali ulipokwama. Mwambie mtoto agawe sahani: baba moja, bibi moja, dada moja. Je, zimetosha? Mwache acheze mdako na ahesabu mawe anayodaka. Mafungu mawili ya viazi yawe mbele yake, aseme lipi lina vingi, kisha ahesabu aone. Anza na vitu vitatu. Akivijua barabara, nenda vinne, vitano. Mkihesabu kwa Kihehe, Kibena au Kinyakyusa haidhuru. Namba ni ile ile, na Kiswahili kitafuata.

Akipita kumi, Kiswahili chenyewe kinasaidia. Kumi na tatu yajieleza: ni kumi, na tatu juu yake. Lakini ishirini na thelathini hazijielezi, na hapo ndipo wengi hupotea. Kata vijiti, uvifunge kumi kumi. Thelathini ni mafungu matatu. Ayashike mkononi.

Vijiti hivyo hivyo vitamsaidia kutoa. Tuseme mna parachichi 32, mmeuza 15. Weka mafungu matatu na vijiti viwili. Anatakiwa kutoa vitano katika viwili. Haviwezi kutosha. Basi afungue fungu moja. Sasa ana vijiti 12 na mafungu mawili. Atoe vijiti vitano, vibaki saba. Atoe fungu moja, libaki moja. Jibu ni 17. Akifanya hivyo mara nyingi kwa mikono yake, "kukopa" kwa ubaoni hakutamtisha tena.

Dakika kumi kila siku zatosha. Akichoka, acheni. Usimpige. Mtoto anayeogopa fimbo huitazama fimbo, haitazami hesabu.

Wapo watoto wachache wanaokula vizuri, wanaosikia na kuona, wanaosoma hadithi bila shida, lakini namba zinawagomea hata baada ya miezi ya msaada. Si uvivu wala si kurogwa. Hao huhitaji muda mrefu zaidi na vitu vya kushika. Nenda kwa mwalimu mapema, umweleze mtoto anaweza nini na anakwama wapi. Mwombe amruhusu kuja na vijiti vyake darasani, hata akiwa darasa la tatu. Kama wenzake watamcheka, mwalimu awape wote vijiti.