Si kila kisu cha Mjerumani ni jambia

Mnamo Septemba 12, 1914, wiki chache baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuanza, kikosi cha Wajerumani kilichovuka mpaka kutoka eneo ambalo leo ni Tanzania kilipambana na majeshi ya Uingereza mjini Kisii. Kwa sababu hiyo, kisu chochote chenye chapa ya Kijerumani kikidaiwa kutoka Kisii au Nyamira, ni rahisi kukiita “jambia la afisa”. Jina hilo huvutia wanunuzi. Hata hivyo, huenda likawa kosa.

Singe ni kisu kinachochomekwa kwenye mtutu wa bunduki. Mpini wake una mfuo na kishikizo cha springi. Jambia hushikwa mkononi tu, wala halina mfuo huo. Aidha, kwa watu wa Pwani jambia hujulikana kwa ncha yake iliyopinda, ilhali lile la Kijerumani limenyooka.

Mzozo mkubwa miongoni mwa wakusanyaji wa silaha unahusu singe za gwaride za miaka ya 1930, ambazo wanajeshi wa Ujerumani walijinunulia kwa ajili ya mapambo. Kuna wauzaji wanaoziita majambia. Wataalamu hushikilia kuwa ni singe. Wajerumani wenyewe waliita singe Seitengewehr. Neno Gewehr leo ni bunduki, lakini zamani lilimaanisha silaha yoyote. Anayetafsiri sisisi hupata “bunduki ya ubavuni”, jina lisiloeleza kitu.

Kuhusu Kisii, tarehe ndizo zinazoamua. Jambia la maafisa wa jeshi la nchi kavu, lenye nembo ya tai na swastika, lilianzishwa mwaka 1935. Vita vya Afrika Mashariki vilikoma Novemba 1918. Kwa hivyo, jambia hilo haliwezi kamwe kuwa masalio ya pambano la 1914.

Suala hili linazidi bei. Wapiganaji wengi wa jeshi la Wajerumani katika eneo hili walikuwa askari Waafrika, na silaha yao ilikuwa bunduki na singe. Kuiita singe ya askari “jambia la afisa” ni kumpokonya Mwafrika nafasi yake katika historia na kumpa Mzungu.

Mwenye kisu cha aina hiyo na achunguze kwanza mpini, kisha asome chapa, ndipo akipe jina.