Kwa nini roketi zilirushwa Malindi: Kasi mbili za kitu kinachozunguka

DESEMBA 12, 1970, Wakenya walipokuwa wakiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengwa mahsusi kwa uchunguzi wa miale ya eksirei itokayo angani. Kwa heshima ya sikukuu hiyo, setilaiti ikaitwa Uhuru.

Jukwaa liliendeshwa na Waitaliano, roketi ilitoka Marekani. Kwa nini shehena nzito namna hiyo isafirishwe hadi pwani ya Kenya, ilhali Marekani ilikuwa na viwanja vyake vya kurushia roketi? Sehemu kubwa ya jibu imo katika mada ya fizikia ambayo wanafunzi wengi wa sekondari huiogopa, nayo ni mwendo wa duara.

Kitu kinachozunguka kina kasi mbili. Kasi ya pembe ni ukubwa wa pembe kinayogeuka kwa muda fulani. Kasi ya mstari ni umbali ambao sehemu moja ya kitu hicho husafiri kwa muda huo.

Gwaride la sikukuu laonyesha tofauti hiyo vizuri. Safu ya askari inapogeuka kona, askari wa ndani hupiga hatua karibu pale pale, huku wa nje akinyoosha miguu ili safu isipinde. Wote hugeuka nyuzi 90 kwa muda ule ule, hivyo kasi yao ya pembe ni moja. Lakini aliye mbali na kona amekwenda umbali mkubwa zaidi, na ndiye anayetokwa jasho.

Dunia nayo ni kama safu hiyo. Hugeuka nyuzi 15 kila saa, kwa mkazi wa Malindi sawa na kwa mkazi wa London. Anayesema kwamba ikweta ina mzunguko wa haraka zaidi anachanganya kasi hizo mbili, kosa ambalo hata watu wazima hulifanya. Kinachotofautiana ni umbali kutoka mhimili wa dunia, na kasi ya mstari hupatikana kwa kuzidisha umbali huo kwa kasi ya pembe.

Sharti ni kwamba pembe ipimwe kwa radiani, kipimo ambacho kimoja ni sawa na nyuzi 57.3 hivi. Nyuzi 15 ni radiani 0.262. Kwenye ikweta, umbali kutoka mhimili ni kilomita 6,378, na kuzidisha kunatoa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Malindi, iliyo karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta, hupungukiwa kidogo tu. Baikonur, Kazakhstan, iliyo nyuzi 46 kaskazini, iko kilomita 4,430 hivi kutoka mhimili, na kasi yake ni kama kilomita 1,160 kwa saa.

Setilaiti kama Uhuru huhitaji zaidi ya kilomita 27,000 kwa saa ili isianguke. Kilomita 1,670 za bure si nyingi mbele ya hizo, lakini kila kasi inayopatikana bila kuunguza mafuta huiachia roketi ndogo nafasi ya mzigo.

Hata hivyo, kasi ya mstari ina mwelekeo. Jiwe likiachiwa kutoka kwenye kombeo haliendelei kuzunguka, bali hunyooka kuelekea upande liliokuwa likienda wakati huo. Dunia huzunguka kwenda mashariki, kwa hiyo roketi hunufaika ikielekezwa huko. Mashariki mwa Malindi ni Bahari ya Hindi tupu, ambako vipande vinavyodondoka havimwangukii mtu. Aidha, Uhuru ilikusudiwa kuzunguka juu ya ikweta. Roketi inayorushwa kutoka mbali kaskazini haina budi kuunguza mafuta zaidi ili kuipinda njia yake ifuate mstari huo.

Roketi ya mwisho iliondoka San Marco mwaka 1988. Kituo cha nchi kavu huko Ngomeni kiliendelea kufuatilia setilaiti na kupokea mawimbi yake.