Metali Dhidi ya Saratani: Siri ya Mpangilio wa Atomu

Michangamano ya metali za mpito ni misombo yenye atomu ya metali katikati, kama platinamu, ruteni au dhahabu, iliyozungukwa na atomu au molekuli nyingine ziitwazo ligandi. Metali tupu si dawa: dhahabu ichimbwayo Magambazi, wilayani Handeni, haiponyi uvimbe. Uwezo wa kutibu hutokana na metali ikiwa pamoja na ligandi zake, na jinsi zilivyopangwa.

Mfano mashuhuri ni sisiplatini. Mkemia Mwitaliano Michele Peyrone aliitengeneza katika miaka ya 1840, ikakaa zaidi ya karne moja bila kujulikana kuwa ni dawa. Katika miaka ya 1960, Barnett Rosenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walipitisha umeme kwenye bakteria, wakaona wanarefuka bila kugawanyika. Kilichowazuia hakikuwa umeme, bali misombo ya platinamu iliyotokana na elektrodi, ikiwemo sisiplatini. Kwa kuwa saratani nayo hukua kwa seli kugawanyika, sisiplatini ilijaribiwa dhidi yake, na Marekani ikaiidhinisha kuwa dawa mwaka 1978.

Sisiplatini ina molekuli mbili za amonia na kloridi mbili. Kwenye damu, yenye kloridi nyingi, hubaki ilivyo. Ndani ya seli kloridi ni chache, hivyo maji huchukua nafasi zake. Hapo platinamu hujishikiza kwenye DNA na kuipinda. Seli hushindwa kuinakili, kisha hufa. Transplatini ina atomu zilezile, ila kloridi zake hazikukaa upande mmoja bali zinatazamana. Tofauti hiyo pekee huifanya isifae kutibu saratani.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, sisiplatini hutolewa sambamba na mionzi. Mgonjwa wa Handeni au Korogwe anayehitaji mionzi husafiri mbali, kwa mfano hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Dawa hutolewa kwa dripu pamoja na maji mengi ili kulinda figo. Inaweza pia kuleta kutapika, ganzi na kupungua kwa usikivu, kwa kuwa hushambulia hata seli zenye afya.

Madhara hayo yalichochea utafutaji wa dawa nyingine. Kaboplatini haiumizi figo sana kama sisiplatini, ingawa hupunguza chembe za damu. Oksaliplatini hutumika kwa saratani ya utumbo mpana. Misombo ya ruteni imejaribiwa kwa binadamu, na auranofini, dawa ya dhahabu iliyotengenezwa kwa ajili ya baridi yabisi, inachunguzwa dhidi ya saratani. Hata hivyo, katika tibakemia ya kila siku, platinamu ndiyo inayotawala kundi hili.