Jinsi Farasi na Jamaa Zake Wanavyojuana kwa Harufu

Ndugu wasomaji, nanyi kaka zetu mliokwisha kutoka shuleni, huenda mtacheka mkiona kwamba nimechagua kuandika habari za mavi katika gazeti letu. Chekeni, lakini someni hadi mwisho. Jambo hili limechunguzwa na wataalamu, na katika nchi yetu ya Rwanda lahusu uhai wa wanyama walioletwa kutoka mbali kwa taabu kubwa.

Sisi hapa Mururu hatufugi farasi. Katika vilima hivi viteremkavyo hadi mto Rusizi twachunga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hata hivyo, kila aliyepata kuchunga amemwona fahali akinusa mkojo wa ng'ombe jike, kisha akainua kichwa, akakunja mdomo wa juu na kusimama kimya kana kwamba anacheka. Hacheki hata kidogo. Kati ya pua na kaakaa ana kiungo kidogo kiitwacho kiungo cha Jacobson, kwa jina la daktari wa Denmark aliyekieleza mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa kukunja mdomo, fahali huifikisha harufu kwenye kiungo hicho, naye hupata kujua kama yule jike yu tayari kupandwa. Farasi naye hufanya vivyo hivyo.

Lakini farasi hasomi mkojo tu. Farasi dume akikuta rundo la mavi njiani, hulinusa kwa makini, hupiga hatua mbele, hunya juu yake, kisha hugeuka na kunusa tena. Mwingine apitaye baadaye hufanya vilevile, na rundo huzidi kukua. Hata madume mawili yakikutana uso kwa uso, mara nyingi hunusa na kunya kwa zamu, kisha kila mmoja akashika njia yake bila kupigana. Mavi yana faida ambayo sauti haina: mwenyewe akiisha kwenda, habari yake hubaki.

Je, farasi aweza kweli kumjua mwenzake fulani kwa njia hii? Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Ujerumani, Konstanze Krueger na Birgit Flauger, walitangaza majaribio yao. Waliwawekea farasi mavi ya namna mbalimbali: yao wenyewe, ya wenzao wa kundi moja, na ya farasi wageni. Kwanza, ilionekana kwamba farasi hupambanua mavi yake na ya wengine. Pili, na hili ndilo la ajabu, katika mavi ya wenzao wa kundi, waliyanusa zaidi yale ya farasi waliozoea kuwaonea. Basi farasi hataki kujua tu kwamba farasi mwingine amepita. Ataka kujua kama ni yule mkorofi, ili ajihadhari mapema.

Sasa tuwatazame jamaa zake. Aliye karibu ni punda milia, ambaye twaye hapa Rwanda katika Hifadhi ya Akagera, mashariki, mpakani mwa Tanzania. Punda milia wa huko huishi dume mmoja na majike yake, na jike akinya, dume huja akaifunika harufu ile kwa mavi yake mwenyewe. Kaskazini mwa Kenya yuko punda milia wa Grevy. Dume wa aina hiyo hujitwalia eneo lake na kuweka humo marundo makubwa ya mavi, ili madume wengine wajue kwamba pale pana mwenyewe.

Jamaa wa mbali zaidi ni kifaru. Tazameni miguu: farasi ana ukwato mmoja kwa kila mguu, kifaru ana tatu, lakini wataalamu huwaweka katika ukoo mmoja. Macho ya kifaru ni hafifu, bali pua yake ni kali mno. Yeye hunya mahali palepale mara kwa mara, na mara nyingi huyatawanya mavi kwa miguu ya nyuma, hata akaondoka na harufu yake katika nyayo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2017 huko Afrika ya Kusini ulionyesha kwamba harufu ya mavi ya kifaru mweupe hueleza kama ni dume au jike, mkubwa au mtoto, kama dume ni mwenye eneo, na kama jike yu tayari kupandwa.

Hapo ndipo jambo linapotuhusu. Katika miaka ya 1970 Akagera ilikuwa na vifaru weusi zaidi ya 50. Waliuawa na majangili, na wa mwisho alionekana mwaka 2007. Mwaka 2017 waliletwa 18 kutoka Afrika ya Kusini, na mwaka 2019 wakaja watano kutoka Ulaya. Mwaka 2021 wakaletwa vifaru weupe 30. Kifaru anayefunguliwa katika pori geni hakuti hata rundo moja la jirani amjuaye. Hajui nani ana nguvu wala mpaka uko wapi, na vifaru weusi wakigombana huweza kuuana. Ndiyo sababu wenye kazi ya kuhamisha vifaru wamejaribu kutawanya mavi yao katika pori jipya kabla ya kuwafungulia.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkibahatika kufika Akagera msitafute pembe tu. Mwombeni kiongozi wenu awaonyeshe rundo la mavi kando ya njia. Likiwa bichi, na limetawanywa vizuri, jueni kwamba wageni wameanza kujuana, na kwamba pori lile limekuwa kwao.